Paka wa Mama Mashine

Aliyesoma wasifu wa marehemu alisema mama mdogo Eliaika alikuwa mtu mpole, mtulivu, asiyewahi kubishana na mtu. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nikajisikia nasema, "Si kweli." Sikupaza sauti, ila kanisa lilikuwa kimya na dari yake iko juu sana, kwa hiyo neno likafika lilikofika. Binti yangu akanifinya mkono. Msomaji akakohoa, akaendelea na upole wa marehemu, na watu wanaonifahamu wakadhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi. Machozi nilikuwa nimeyamaliza nyumbani. Ilikuwa hasira, na ndiyo iliyonikalisha kwenye meza hii kuandika, maana naona tunavyowazika wanawake wetu mara mbili, kwanza kwa wasifu, halafu kwa udongo. Udongo hauna hila. Wasifu ndio unaosawazisha kila kona ya mtu mpaka abaki kama gunia tupu lililokunjwa vizuri. Mimi niliishi na mama yule mwaka mzima, Maji ya Chai, nikiwa na miaka kumi na tisa, na nitasema nilichokiona. Kwa nini nilipelekwa kwake, na nani alinipeleka, sitaandika. Wahusika wengine wapo hai, na wanajua ninavyowafikiria.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Moshi, na ukuta wa mwisho wa nyumba ndio uliokuwa ukuta wa kwanza wa mashine ya kusaga. Upande mmoja sebule yenye makochi ya vitambaa vya kufuma, upande wa pili injini ya dizeli, mkanda mrefu, kinu, na magunia ya wateja. Injini ikiwaka, vikombe kabatini vilianza kugongana meno, na picha ya harusi ilikuwa haikai sawa hata ukiinyoosha mara ngapi. Unga ulipenya kila mahali. Ulikuwa kwenye nyusi za mama mdogo, kwenye chai, kwenye kurasa za Biblia. Mumewe alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia, ghafla, akiwa shambani. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakukuwa na jina la kumwitia, na watu wakamwita Mama Mashine. Wengine walilitamka jina hilo kwa huruma, wengine kwa kejeli. Yeye aliitika kwa namna ile ile: "Abee, leta mahindi yako."

Baba Nderi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikaa jirani, ng'ambo ya migomba. Alikuwa mtu wa koti na fimbo, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, na kila alipokuja alizunguka nyumba kwanza kabla ya kubisha hodi, akitazama bati, akitazama kuta, kama mtu anayekagua ng'ombe. Hoja yake ilikuwa moja. Kiwanja ni cha ukoo, mwanamke hana mtoto, mashine itamshinda. Mara ya kwanza kumsikia akiisema nilikuwa jikoni nachambua maharage ya makande, na yeye alikuwa barazani na fundi aliyeendesha mashine. Hakujua nipo, au alijua na hakujali. "Hapa hakuna mwenye nyumba," alimwambia. "Kuna jamaa yangu Usa River ana mashine mpya. Nenda huko. Huyu mama akibaki peke yake ataona mwenyewe." Jumatatu iliyofuata fundi hakuja kazini, wala Jumanne, na tukaelewa.

Lakini kilichokuwa kinatuangamiza hasa ni panya. Tangu mwenye nyumba afariki hakuna aliyewafuatilia, nao walikuwa wamezaliana chini ya mbao, nyuma ya pipa la mafuta, ndani ya marundo ya pumba. Mteja aliacha gunia asubuhi, akaenda sokoni, akirudi anakuta limetobolewa pembeni na mahindi yamemwagika. Watu hawakugomba. Walianza tu kupita mbele ya mlango wetu na mizigo kichwani, wakisalimia vizuri, wakielekea kwingine. Mama mdogo alileta paka wawili wakubwa, mmoja wa kuazima na mmoja wa kupewa. Wa kwanza alitoka injini ilipokohoa tu. Wa pili alisubiri mkanda uanze kuzunguka, akapita dirishani, na alionekana mara ya mwisho kwenye njia ya kushukia Kikwe. Baba Nderi alikuwepo barazani siku hiyo. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasema kikao cha ukoo kitakaa baada ya mavuno kuamua habari ya mashine, na kwamba yeye kwa upande wake anaona jambo lenyewe limeshajiamua.

Mama mdogo alisubiri aondoke, akamimina chai, akakaa akitazama mlango. "Wale paka walikuwa wamezoea ukimya," akasema. "Nataka ambao hawajazoea kitu bado."

Ndivyo tulivyoshuka Kikwe, yeye na mimi, kwa bibi mmoja aliyekuwa na paka aliyezaa kwenye banda la mbuzi. Watoto walikuwa watatu, wameanza kula, wana macho mazuri ya bluu inayogeuka, lakini hawakuwa wamewahi kusikia hata mfuniko wa sufuria ukianguka. Bibi aliposimamisha ndoo tu, walipotea nyuma ya majani. Alicheka akasema, "Hawa wa kuishi kwenye mashine? Mwanangu, unatafuta kuwaua." Mama mdogo akamwambia, "Shikamoo tena mama, nifungie." Tukapanda nao ndani ya tenga lililofunikwa kanga, nao wakilia njia nzima, na kila lori lilipopita tulipokaribia barabara kuu walinyamaza kabisa, na kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko kilio.

Chumba tulichowapa kilikuwa stoo ya nyuma, mbali kabisa na injini, yenye dirisha dogo linalotazama migomba. Tuliweka boksi la kartoni limelazwa ubavu, ndani yake sweta la marehemu mumewe. Nilisita kulitandika. Yeye akasema, "Alikuwa akipenda kuleta joto." Halafu akanipa masharti. Nisiwavute kutoka kwenye boksi. Nisiwakimbilie. Nikae sakafuni tu, niongee, waisikie sauti ya mtu mpaka waone haina madhara. Sikuwa na la kuongea. Mwaka ule nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu mno na kujifanya ndiyo tabia yangu. Nilianza kwa kuwatajia nilichopika, kisha nikawaeleza mambo ambayo sikuwa nimemweleza mtu, na paka hawaulizi swali. Siku moja yule mweusi alitoka, akanusa kidole changu cha mguu, akarudi. Tulimwita Masizi. Jike mwenye rangi ya mchanganyiko tulimwita Pumba, na mdogo wao, mweupe mwenye doa moja mgongoni, tukamwita Dona. Chakula chao kilikuwa dagaa waliopondwa na ugali laini, na sisi tulikula loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, kwenye bakuli moja, miguu imenyooshwa sakafuni, kwa sababu mama mdogo alisema waanze kuona kwamba kula ni jambo la pamoja.

Kisha tukaanza kelele. Alikuwa na utaratibu wake, na sijui aliutoa wapi isipokuwa kichwani mwake. Kelele ilianza wakati wanakula, na ilianza mbali. Yeye alikuwa jikoni, anagonga kijiko kwenye kikombe, mimi nipo stoo natazama masikio. Masikio yakilala nyuma, nilikohoa, naye akapunguza. Yakisimama tu kidogo na kurudi kwenye chakula, sikukohoa. Kutoka kijiko tukaenda kwenye mfuniko wa sufuria, kutoka jikoni tukaja ukumbini, kutoka ukumbini mpaka mlangoni. Redio tuliifunga kwenye blanketi, tukaifungulia taarifa ya habari, kisha kila siku tukalegeza blanketi. Mchi na kinu tulivipeleka nyuma ya nyumba. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Makumira aliyepanga chumba jirani alikuwa anajifunza tarumbeta kwa ajili ya kwaya, vibaya mno, na mama mdogo akamwomba ahamishie mazoezi yake barazani kwetu. Yule kijana alidhani amepata mpenzi wa muziki wake. Mvua za masika hatukuzipanga. Ziliangukia bati mchana mmoja kama kokoto zinamiminwa, na wote watatu wakaingia chini ya sketi yangu, nami nikakaa pale pale, nikiongea nao kwa sauti ile ile, mpaka mguu ukafa ganzi na Pumba akaanza kukoroma.

Wateja wachache waliobaki walipata cha kucheka. Walisema Mama Mashine amefungua chekechea. Mmoja aliuliza kama kuna sare. Nilikuwa naona haya, natamani tufunge mlango. Mama mdogo aliuacha wazi. "Acha wacheke hapa hapa," alisema, "hiyo nayo ni kelele. Wazoee." Leo binti yangu, anayeishi Njiro, ana watoto wa paka wawili, na ana simu inayompigia sauti za blenda, radi na kengele ya mlango, anaongeza taratibu huku anawapa chakula. Amesoma mahali kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mara ya kwanza kuona hivyo ilinibidi nitoke nje nisimame kwenye maua yake kidogo, kwa sababu nilitaka kumweleza yote kwa pamoja na sikujua nianzie wapi.

Tulikuwa tumefika mahali pazuri. Injini ilikuwa inawashwa, nami nikiwa na boksi ukingoni mwa migomba, na kila siku nilisogea. Tulishafika nusu ya uwanja. Siku zingine niliiwasha mwenyewe, mama mdogo akakaa na boksi. Fundi alipoondoka, mama mdogo alinikabidhi hendeli ya kuzungushia injini, akanionyesha namna ya kuishika bila kuzungushia kidole gumba, ili ikikurudisha isivunje mkono, na alisimama pembeni bila kunisaidia mpaka ikawaka. Mabega yaliniuma kiasi cha kushindwa kusuka nywele. Sikuwahi kufurahia maumivu kama yale.

Ndipo Baba Nderi alipokuja mchana mmoja wakati mama mdogo ameenda kununua dizeli. Nilikuwa stoo, paka wanakula, mlango wa mbele umefungwa kwa komeo kwa sababu yao. Alibisha mara moja. Kabla sijasimama alianza kupiga mlango wa bati kwa fimbo, na si kama mtu anayetaka kufunguliwa. Alipiga kama anafukuza tembo shambani. Aliingia kwa mlango wa uani ambao haukufungwa, akapita ukumbini akiuliza kwa nguvu nani amemruhusu msichana kumfungia mwenye ukoo nje, akasukuma mlango wa stoo ukagonga ukuta. Masizi na Pumba waliingia nyuma ya boksi. Dona alipita katikati ya miguu yake, ukumbini, uani, kwenye migomba. Nilimkimbilia nikiita. Nilimkuta jioni kabla jua halijazama, kwenye mtaro wa barabara kuu. Basi lilikuwa limempitia juu.

Mama mdogo alichimba mwenyewe chini ya mgomba, akafukia, akapiga udongo kwa kisigino. Nilitaka aseme kitu kuhusu Baba Nderi. Nilitaka alie, au alaani. Alinawa mikono, akaingia stoo, akakaa sakafuni kwenye nafasi yangu. Wale wawili hawakutoka. Hata kijiko kwenye kikombe, kule jikoni kabisa, kiliwarudisha nyuma ya boksi. Kazi yote ilikuwa imepotea. "Basi tunaanza tena," akasema. Nikamwambia mavuno yamekaribia, hatutawahi. Nikamwambia na tuachane na jambo hili, Baba Nderi ana ukoo mzima nyuma yake. "Anayepiga mlango wako hivyo," akasema, "hana hakika kwamba nyumba ni yake. Kesho asubuhi leta kijiko."

Tulianza tena. Sitasimulia upya hatua zote, ila nitasema kwamba mara ya pili sikukohoa kwa woga. Nilijua masikio yale kama ninavyojua vidole vyangu. Safari hii tuliongeza somo moja ambalo halikuwepo mwanzoni: mlango wa bati na fimbo. Mama mdogo alikata tawi la mpera, akasimama nje akigonga pole pole huku mimi ndani nawapa dagaa, na juma baada ya juma akazidisha. Wapita njia walimwona mjane anapiga mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa fimbo mchana kweupe. Habari ilienda mpaka Tengeru kwamba amerukwa na akili. Alipoletewa maneno hayo na jirani mmoja aliyejifanya kuja kuomba chumvi, alimpa chumvi, akasema, "Waambie bado, naendelea kujaribu."

Kufikia mahindi ya kwanza kukauka, Masizi alikuwa analala juu ya magunia kinu kinasaga. Pumba alipenda karibu na ukuta wa injini, kwenye joto. Na walikuwa wanakamata. Mama mdogo hakuwashibisha sana, na wala hakuwaacha na njaa. Asubuhi tulikuta mikia, na baada ya muda hatukukuta hata mikia. Gunia lililoachwa asubuhi lilikutwa zima. Wanawake waliokuwa wanapita na mizigo walianza kusimama, kwanza mmoja, kisha dada zake, kisha foleni ikafika kwenye migomba. Hakuna aliyesema samahani kwa kutuhama, na mama mdogo hakumdai mtu samahani. "Abee, leta mahindi yako."

Kikao kilikuja. Baba Nderi alituma ujumbe kwamba wazee watakaa sebuleni kwake mwenye mashine, na kwamba yeye mwenye mashine achague siku. Nadhani lilikuwa neno la adabu tu, la kuonyesha kwamba hawamwonei. Mama mdogo akachagua Alhamisi. Siku hiyo watu waliopeleka mazao sokoni Jumatano walikuwa wamebakiwa na ya kusaga, na foleni yetu ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kisha akazunguka kwa wateja akiwakumbusha wasikose. Haya nayaandika wazi kwa sababu baadaye watu walisema Mungu alimtetea mjane. Sibishani na Mungu. Lakini siku aliichagua yeye.

Wazee walikuja wanne, pamoja na Baba Nderi, wakavua kofia, wakakaa kwenye makochi ya vitambaa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Elifuraha, ambaye masikio yake yalikuwa mazima lakini alikuwa hapendi kuomba neno lirudiwe. Niliwapa shikamoo mmoja mmoja. Mama mdogo alikuwa amepika mtori wa ndizi, ukiwa na nyama ya kutosha, na aliupakua bila haraka. Waliposhika vijiko, akanitazama. Nikatoka, nikapita uani, nikaenda kwenye mashine. Wanawake walikuwa wamejipanga na madebe yao na mifuko ya sandarusi. Nikashika hendeli. Iliwaka mara ya kwanza.

Yaliyotokea sebuleni nimesimuliwa na mama mdogo mwenyewe, na mengine niliyaona kupitia dirisha la pembeni ambalo lilikuwa halina kioo. Vikombe vilianza kugongana. Baba Nderi alisimama kueleza shauri. Midomo yake ilikuwa inakwenda, mkono unakwenda, na hakuna aliyesikia kitu. Alipaza sauti. Mzee Elifuraha akaweka mkono nyuma ya sikio. Baba Nderi akapaza zaidi, na neno lililosikika lilikuwa "ukoo," kisha "ukoo" tena. Mama mdogo alikuwa amekaa mikono mapajani, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia vizuri sana. Pumba akaingia kwa dirisha, akatembea juu ya mgongo wa kochi nyuma ya wazee wote, akashuka mapajani mwa Mzee Elifuraha na kujikunja.

"Huyu ni kiziwi?" mzee akauliza kwa kelele.

"Anasikia kila kitu, mzee," mama mdogo akajibu kwa kelele. "Amezoea."

Baba Nderi akamwambia aamuru mashine izimwe. Mama mdogo akasema hawezi, kuna foleni, watu wametoka mbali. "Semeni tu," akasema. "Mimi nawasikia. Ndani ya nyumba yangu nasikia kila kitu."

Hapo ndipo Baba Nderi alipotoka kuja kwangu. Nilimwona kwenye mlango wa mashine, koti limeanza kushika unga, fimbo mkononi. Wanawake walimpisha. "Zima," akasema. Nilimsoma midomo. Nikainama kidogo kumpa heshima yake. "Sizimi, baba mkubwa," nikasema. Hakusikia, au hakuamini, akasogea. "Nimesema uzime." Nikajisikia nasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, iliyopita juu ya injini na kinu na mkanda, "Sizimi." Akainua fimbo akapiga bati la ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa pigo lile lile nililolijua. Masizi, juu ya magunia, aliinua sikio moja akalilaza. Mimi nilishtuka. Sitajisifu kwa uongo, niliogopa. Lakini kichuma cha kuzimia injini kilikuwa nyuma yangu, na nilibaki nimesimama mbele yake, na mkono wangu haukwenda. Niliwahi kufikiri kwamba wasioogopa ndio wanaokataa. Siku ile nilijua kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na tangu hapo hakuna aliyeweza kunidanganya tena kwamba woga wangu ni ruhusa yake.

Mama mmoja kwenye foleni, mwenye debe kichwani, alimgusa Baba Nderi begani kwa heshima zote. "Baba," akasema, "foleni inaanzia kule."

Wanawake walicheka. Alisimama kidogo, anatafuta wa kumkaripia, na walikuwa wengi mno. Aliporudi sebuleni wazee walikuwa wanamalizia mtori. Mzee Elifuraha alimwinua Pumba kwa mikono miwili, akamweka kwenye kochi, akavaa kofia. Akasema alikuja kusikia maneno na hakusikia, kwa hiyo atarudi siku mashine itakapopumzika. Mama mdogo akamwambia haipumziki ila Jumapili, na Jumapili yeye yuko ibadani. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alitoka akicheka, na wenzake wakamfuata. Hakuna uamuzi uliotolewa siku ile wala siku nyingine. Shauri halikufungwa na halikufunguliwa tena. Mashine ilibaki ya mama mdogo, na umeme ulipokuja akaweka mota, na alisaga mpaka mwaka jana miguu ilipomkatalia.

Nimeulizwa na ndugu, baada ya mazishi, kwa nini nang'ang'ania kwamba hakuwa mpole, kana kwamba ninamtukana. Nawajibu kwamba upole ni neno wanalompa mwanamke aliyefariki ili wasilazimike kueleza alivyowashinda. Alikuwa na subira, hilo nakubali. Lakini subira yake ilikuwa na kijiko mkononi.

Mwisho wa mwaka ule Pumba alizaa, humo humo nyuma ya injini, na watoto wake walifumbua macho kwenye kelele kama samaki wanavyofumbua kwenye maji. Mimi nilikuwa najiandaa kuhamia mjini, mama mdogo ameshanitafutia nafasi ya kujifunza ushonaji. Asubuhi moja niliona mtu anatoka ng'ambo ya migomba na debe la mahindi. Alikuwa Mama Nderi, mke wa Baba Nderi, mwanamke niliyemwona mara nyingi na sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi. Hakupita njia ya nyuma. Alizunguka kwa barabara, mbele ya watu waliokaa dukani, akaingia kwenye foleni, akasubiri zamu yake. Nilimsagia. Unga ulipojaa, hakuondoka. Alichutama karibu na boksi akitazama watoto wa paka.

"Nyumbani panya wametuzidi," akamwambia mama mdogo. "Nigawie mmoja."

"Chagua," mama mdogo akasema. "Lakini nyumbani kwako mwenye nyumba anaunguruma sana. Huyu amezoea injini tu, huenda akahangaika."

Mama Nderi alimchukua mmoja, wa kijivu, akamfungia kwenye kanga kifuani. Nilimtwika debe. Alisimama akilisawazisha, mkono mmoja juu, mkono mwingine umemshika paka.

"Huyu hatazoea kitu," akasema. "Safari hii mwenye nyumba ndiye atakayepunguza sauti."